Kila Megabiti ni Modemu Kumi na Nane

Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde ukiigawanya kwa modemu ya biti 56,000 unapata modemu 1,785 na ushei. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza, na wengi wakishaipata hutikisa kichwa, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Mwenye kuipenda kazi hii, hapo ndipo anapovuta kiti. Atauliza: modemu ipi? Inapokea au inatuma? Biti zipi, za data tupu au pamoja na zile zinazoisindikiza? Na kasi unayoitaja ni ya kwenye tangazo au umeipima? Maswali hayo manne ndiyo yanayotenganisha hesabu ya mzaha na hesabu ya fundi. Kila moja linakurudisha kwa watu waliohangaika miaka mingi na waya wa shaba ambao haukutengenezewa kompyuta.

Tuanze na waya wenyewe. Laini ya simu ya mezani ilipimwa kwa mazungumzo ya watu. Inapitisha sauti kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,400. Chini ya hapo na juu ya hapo, inakata. Kwa salamu za nyumbani inatosha kabisa, maana unamtambua shangazi yako kabla hajataja jina. Kompyuta haina sauti. Ina moja na sifuri. Kazi ya modemu ni kuzigeuza moja na sifuri kuwa milio inayoweza kupita kwenye upana huo mdogo, na modemu ya upande wa pili iigeuze milio hiyo kuwa moja na sifuri tena.

Bell 103, modemu ambayo kampuni ya AT&T ya Marekani iliitoa mwaka 1962, ilifanya kazi hiyo kwa unyofu unaopendeza. Anayepiga simu alitumia mlio wa hezi 1,070 kwa sifuri na 1,270 kwa moja. Anayepokea alitumia 2,025 na 2,225. Hivyo wawili waliweza kusema kwa wakati mmoja bila kugongana, kila mmoja na nusu yake ya laini. Kasi yake ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Kila herufi iliyopita ilikuwa na biti nane zake, ikatanguliwa na biti moja ya kufungua na kufuatwa na nyingine ya kufunga. Jumla ni biti kumi, kwa hiyo herufi 30 kila sekunde.

Hapo tayari kuna mtego. Meseji ya kawaida ya simu ya mkononi inachukua herufi 160, kila herufi biti saba, jumla biti 1,120. Mwenye haraka atagawanya kwa 300 na kusema Bell 103 ingeipeleka kwa sekunde 3.7. Fundi atakumbuka kwamba modemu ile haikupeleka herufi tupu. Herufi 160 mara biti kumi ni biti 1,600, na jibu ni sekunde 5.3. Tofauti ni ndogo kwa meseji moja. Ukifika kwenye faili kubwa, mtego huohuo unakula saa nzima.

Ungedhani kwamba baada ya Bell 103 kilichobaki kilikuwa kubadilisha milio haraka zaidi. Laini haikubali. Wimbi linalobadilika haraka kupita upana wa laini linafika upande wa pili limevurugika. Wahandisi wakashika njia nyingine: kila badiliko la wimbi libebe biti nyingi zaidi. Modemu ya biti 2,400, ambayo kanuni yake ya kimataifa ilipitishwa mwaka 1984, ilibadilisha wimbi mara 600 tu kwa sekunde, na kila badiliko likabeba biti nne.

Badiliko moja linabebaje biti nne? Wimbi lina mambo mawili unayoweza kuyachezea: nguvu yake, na mahali mzunguko wake unapoanzia. Ukiyachora hayo mawili kwenye karatasi, kila mchanganyiko unakuwa nukta moja. Nukta 16 zinatosha kuwakilisha kila mpangilio wa biti nne. Modemu inayotuma inachagua nukta. Inayopokea inasikiliza na kuamua ni nukta ipi iliyotumwa. Kwenye modemu ya biti 9,600 ya kanuni ya V.32, nukta zilifika 32, idadi ileile ya mashimo ya ubao wa bao la kete. Mpokeaji alitakiwa kusema kete imeangukia shimo lipi, mara 2,400 kila sekunde, huku kelele za laini zikiisukuma kete pembeni.

Msomaji makini atakuwa ameshakunja uso. Nukta 32 zinabeba biti tano, na tano mara 2,400 ni 12,000. Mbona modemu inaitwa ya 9,600? Kwa sababu biti ya tano haikubeba data. Gottfried Ungerboeck, mhandisi wa Austria aliyefanya kazi katika maabara ya IBM karibu na jiji la Zürich, alichapisha mwaka 1982 njia inayoonekana kwenda kinyume na akili: ongeza nukta, usiongeze data, kisha zuia nukta zisifuatane ovyo. Ukiwa kwenye nukta fulani, unaruhusiwa kwenda kwenye baadhi tu ya zile nyingine. Mpokeaji haamui tena nukta mojamoja. Anautazama mfululizo mzima na kuuliza ni njia ipi halali iliyo karibu zaidi na alichokisikia. Nukta zimesongamana zaidi kuliko mwanzo, lakini makosa yamepungua. Faida yake ni desibeli 3 hadi 4, maana yake laini iliweza kuvumilia kelele zenye nguvu mara mbili na zaidi. Hakuna aliyegusa waya wala kuongeza umeme. Kilichobadilika ni mpangilio.

V.32 ilidai na jambo jingine gumu. Bell 103 iligawa laini nusu kwa nusu. Hii ilitaka pande zote mbili zitumie upana wote kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba sauti ya modemu inayotuma inarudi kama mwangwi na kufunika sauti dhaifu inayotoka mbali. Dawa yake ni ya kihesabu. Modemu inajua ilichokituma, kwa hiyo inaukadiria mwangwi wake na kuutoa katika kila inachokisikia. Kinachobaki ni maneno ya mwenzake. Kazi hiyo hufanyika maelfu ya mara kwa sekunde muda wote wa simu.

Watu wa rika fulani wanaukumbuka mlio wa modemu kama kero ya kusubiri. Ukiusikiliza ukijua kinachoendelea, kila kipande chake kina kazi. Kwanza namba inapigwa. Upande wa pili unajibu kwa mlio mmoja mrefu wa hezi 2,100, na kila baada ya muda ulio chini kidogo ya nusu sekunde wimbi hilo linapinduliwa juu chini, likisikika kama mguno. Mlio huo unaiambia mitambo ya kampuni ya simu izime vifaa vyake vya kuzuia mwangwi, kwa kuwa modemu zitajishughulikia zenyewe. Kisha modemu mbili zinaelezana zinachokiweza. Orodha hiyo inapelekwa kwa biti 300 kwa sekunde, kasi ileile ya Bell 103. Hata modemu ya 56,000, kabla ya lolote, huanza mazungumzo kwa mwendo wa mwaka 1962, kwa sababu bado haijui laini hii ni nzima au mbovu.

Halafu unakuja upimaji. Modemu inatuma milio 21 kwa pamoja, iliyopangwa kati ya hezi 150 na 3,750, kila mmoja kwa nguvu inayojulikana. Mpokeaji anapima kilichofika: mlio upi umefifia, upi umechelewa, upi haukufika kabisa. Kwa vipimo hivyo zinakubaliana upana wa kutumia na kasi ya kuanzia. Baada ya hapo inasikika ile kelele ya kama redio isiyoshika stesheni. Hiyo ni data ya mazoezi ambayo pande zote mbili zinaijua tayari, na kila modemu inaitumia kujirekebisha hadi inyooshe kila upindaji wa laini hii, kwa simu hii. Wazo la kifaa kinachojirekebisha hivyo chenyewe lilitoka kwa Robert Lucky wa Bell Labs katikati ya miaka ya 1960. Mwisho spika inazimwa na kazi inaanza. Laini ikibadilika tabia katikati ya simu, modemu zinasimama, zinapima upya, na kuendelea kwa kasi inayowezekana. Mteja aliyelipia kwa dakika hakuiona kazi hiyo, na hakuna aliyemweleza.

Kanuni ya V.34 ya mwaka 1994 ilifika biti 28,800, ikitumia hadi nukta 960, na mwaka 1996 ikapanuliwa hadi 33,600. Hapo wahandisi walikuwa wamekaribia ukutani. Claude Shannon, naye wa Bell Labs, alionyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo kinachotokana na upana wake na kelele zake, na hakuna ujanja wa kukivuka. Chukua laini yenye upana wa hezi 3,100, na ishara inayozidi kelele kwa desibeli 35, yaani mara 3,160 hivi. Kikomo chake ni kama biti 36,000 kwa sekunde. Ukiiweka 33,600 kando ya namba hiyo utaona ni kidogo kiasi gani kilichobaki mezani.

Basi 56,000 ilitoka wapi? Shannon hakushindwa, wahandisi waliikagua laini upya wakagundua kwamba nusu ya safari haikuwa kama walivyoidhania. Kufikia miaka ya 1990, sauti ikishafika kwenye kituo cha simu ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kama moja ya thamani 256. Kukadiria huko kwenyewe huzaa kelele, na kelele hiyo ndiyo iliyokuwa ikizibana modemu. Lakini kampuni ya intaneti ilikuwa imeunganishwa na kituo kwa njia ya kidijitali moja kwa moja. Data ikitoka huko kwenda nyumbani, hakuna mahali inapokadiriwa. Kampuni inachagua zile thamani zenyewe, na modemu ya nyumbani inajaribu kutambua ni ipi imefika. Kuzitambua zote 256 ni vigumu, kwa hiyo hesabu ikawa biti saba mara 8,000: biti 56,000. Brent Townshend ni miongoni mwa waliolifungua wazo hilo, na kanuni ya V.90 ikalipa sura ya kimataifa mwaka 1998. Nchini Marekani sheria ya kudhibiti nguvu ya umeme kwenye laini iliishusha hadi 53,300.

Kurudi juu, kutoka nyumbani kwenda kwa kampuni, kukadiria kulibaki palepale, na kasi ikabaki 33,600. Watu wawili waliopigiana kutoka majumbani mwao, kila mmoja na modemu yake ya 56,000, hawakuwahi kuipata 56,000.

Sasa turudi kwenye kugawanya, tukiwa na heshima zaidi. Picha ya MB 3 ni biti milioni 24; modemu za enzi hiyo zilishaziondoa biti za kufungua na kufunga njiani, kwa hiyo hapa baiti ni biti nane. Kuipokea picha kwa 56,000 ni dakika 7 na sekunde 9. Kumtumia mtu picha hiyohiyo ni dakika 11 na sekunde 54. Kwa Bell 103, yenye biti kumi kwa kila baiti, ni saa 27 na dakika 47. Anayesema tu kwamba picha ingechukua muda mrefu kwa modemu hajasema kitu.

Swali la tangazo na kipimo nalo linabadilisha jibu. Modemu ya 56,000 iliandikwa hivyo kwenye boksi, lakini laini nyingi ziliishia elfu arobaini na kitu. Ukiigawanya megabiti 100 ya tangazo la leo kwa 45,000 iliyopimwa zamani, unapata 2,222 badala ya 1,785, na umeipendelea kampuni ya leo bila kujua. Tangazo ligawanywe kwa tangazo, na kipimo kwa kipimo. Simu yako ikipimwa na kuonyesha megabiti 20, hizo ni modemu 444 za 45,000, hata kama bango la barabarani linadai zaidi.

Kipimo hiki kinafaa pia nje ya waya. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, hutuma data zake za sayansi kwa biti 160 kwa sekunde. Ni nusu ya Bell 103 na kidogo juu yake. Septemba 2009, kampuni moja ya Afrika Kusini iliyochoshwa na intaneti yake ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya GB 4 mguuni. Aliruka kilomita 80 kutoka Howick kuelekea Durban kwa saa 1 na dakika 8. Pamoja na muda wa kuinakili kadi, kazi yote ilichukua saa 2, dakika 6 na sekunde 57. Katika muda huohuo laini ilikuwa imepeleka asilimia 4 ya data. Fanya hesabu: njiwa alikuwa sawa na modemu 75 za biti 56,000. Laini ya kisasa ilikuwa sawa na modemu tatu.

Lakini njiwa huyo anatufundisha kikomo cha hesabu yetu. Kama kadi ingekuwa na neno moja tu, neno hilo lingefika baada ya saa nzima, wakati Bell 103 ingelifikisha kabla hujapepesa jicho. Kugawanya biti kwa biti kunapima wingi unaopita, hakupimi muda wa kusubiri. Afrika Mashariki tunalijua hilo vizuri. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo wa baharini wa kuiunganisha na dunia, na intaneti ilipitia satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga, na huwezi kuipunguza kwa kulipa zaidi. Mkongo wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka huo kutoka Fujairah una urefu wa takriban kilomita 5,000. Mwanga ndani ya kioo huenda na kurudi humo kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Hiyo ni nafuu ya mara kumi, na mteja aliihisi.

Kwa wingi, namba ni nyingine kabisa. Mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa Julai 23, 2009, ukitua Mombasa na Dar es Salaam miongoni mwa vituo vyake, ulikuwa umebuniwa kwa terabiti 1.28 kwa sekunde. Gawanya kwa 56,000: modemu milioni 22 na laki nane na ushei. Hata hivyo teknolojia tunayoitumia leo haikuanza upya. Simu ya 4G bado inapanga nukta kwenye mraba, 64 au 256, na bado inapima njia na kujirekebisha kabla ya kuongeza kasi. Ujuzi huo ulikomaa kwenye waya wa shaba, ambako kati ya mwaka 1962 na 1998 kasi ilipanda kutoka biti 300 hadi 56,000, mara 187, kwenye laini ya simu ya kawaida.

Kwa hiyo nawaomba wanaotengeneza tovuti na programu za simu kwa wateja wa huku kwetu, ambako mtu ananunua bando kwa MB na kuzihesabu, waweke mezani hesabu moja tu: MB moja ni dakika 2 na sekunde 23 za modemu ya 56,000. Ukurasa wa MB 2 wenye aya tatu za habari ni dakika 4 na sekunde 46. Bando la GB 1 ni saa 39 na dakika 41. Kabla hujaachia toleo jipya, zidisha uzito wake kwa namba hiyo, kisha jiulize kama unachompa mteja kinastahili kusubiriwa muda huo. Waliotengeneza modemu walihangaikia biti moja ya ziada kwa miaka. Anayemaliza MB za mteja bila kuzihesabu hana cha kujivunia kwa sababu tu leo laini ni pana.